Mtoto mwenye usonji akihamia Minnesota: shule inatafutwa wapi, na kuanzia lini

SWALI: Tunaishi Mombasa. Mume wangu amepata nafasi ya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota na masomo yanaanza mwishoni mwa Agosti. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 4, ana usonji, maneno anayosema hayafiki kumi, na bado anavaa nepi. Nimeandikia shule tatu maalumu za huko. Mbili hazikunijibu, ya tatu inataka amana ili imwekee nafasi. Wifi yangu aliye Texas ananishauri nimtangulize mtoto kwake kwa viza ya matembezi ili aanze shule mapema. Nitampatiaje shule kabla hatujasafiri?

JIBU: Dada, hiyo amana usiitume kwanza, na mtoto usimtangulize Texas. Huna haja ya shule maalumu ya kulipia, na hata ungeipata sasa hivi huenda ingemnyima mtoto haki ambazo shule ya umma inalazimika kumpa bure. Kinachotafutwa kabla ya kusafiri ni mahali pa kuishi. Marekani mtoto mwenye ulemavu anahudumiwa na wilaya ya shule ya pale anapolala, na wajibu wa wilaya hiyo unaanza siku mnayohamia ndani ya mipaka yake.

Msingi wa haya yote ni sheria iliyopitishwa mwaka 1975 na tangu 1990 ikajulikana kama IDEA. Inaitaka kila wilaya ya shule za umma iwatafute, iwafanyie tathmini na iwafundishe watoto wenye ulemavu kuanzia siku wanapotimiza miaka 3, bila malipo. Uzito wa umri huo kwenu ni huu: mtoto wa miaka 4 asiye na ulemavu mara nyingi hana nafasi ya uhakika katika shule ya umma, kwa kuwa shule yenyewe huanza akitimiza miaka 5, sawa na PP2 ya kwetu, mwaka wa mwisho wa elimu ya awali. Mtoto wenu hangoji miaka 5. Anastahili huduma sasa, nayo inajumuisha mwalimu wa elimu maalumu, tiba ya usemi, tiba kazi (ya stadi za mikono na za kujihudumia), na hata usafiri wa basi ikionekana anauhitaji.

Hati za uhamiaji hazimzuii. Mwaka 1982, katika shauri la Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Karani wa uandikishaji atakuuliza uthibitisho wa umri, wa makazi na wa chanjo. Akikuomba viza au namba ya hifadhi ya jamii, mwambie kwa upole kwamba ungependa kuandikisha kwa cheti cha kuzaliwa na mkataba wa pango.

Kuhusu viza zenyewe, mumeo ataingia kwa F-1, viza ya mwanafunzi, wewe na mtoto kwa F-2, viza ya wategemezi wake, na chuo kitamtolea kila mmoja wenu fomu yake ya I-20, ambayo ndiyo ya kuombea viza hizo. Fedha mtakazotakiwa kuonyesha zinaongezeka kwa kila mtegemezi, kwa hiyo mwambieni afisa wa wanafunzi wa kigeni mapema kwamba mnasafiri watatu. Mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Lizingatieni hilo katika bajeti, maana ratiba ya mtoto nayo itakubana, kama nitakavyoeleza. Kwenye mahojiano ya ubalozini, mkiulizwa habari za mtoto, jibuni kweli na kwa ufupi.

Njia anayoipendekeza wifi yako ina hatari kubwa. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kujiunga na masomo. Mtoto akiandikishwa shule akiwa mgeni, anakuwa amekiuka masharti ya viza yake, na hilo linaweza kujitokeza siku mtakapomwombea F-2. Tena huduma zote atakazopangiwa Texas zitakuwa za wilaya ya Texas. Wapo pia mawakala wanaoahidi kumtafutia mtoto F-1 yake mwenyewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1996, F-1 haimruhusu mtoto kusoma shule ya msingi ya umma hata kidogo. Inamfungia kwenye shule za binafsi, kwa ada kamili.

Na shule za binafsi zina tatizo ambalo wazazi wengi wanalijua wakiwa wamechelewa. Mzazi akimpeleka mtoto huko kwa hiari yake, haki binafsi ya mtoto ya kupata huduma zote za IDEA haimfuati. Wilaya inabaki na fungu dogo la kuwagawia watoto wenye ulemavu walioko shule za binafsi, na ndiyo inayoamua nani apate nini. Shule yenyewe inaweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu analia, anakimbia darasani au anavaa nepi. Zile zinazoendeshwa na taasisi za dini hazifungwi hata na sheria ya jumla ya kuzuia ubaguzi dhidi ya walemavu, iitwayo ADA, katika mambo ya namna hii. Shule ya umma haiwezi kukwambia "mlete akishaacha nepi". Ikisema hivyo, imekosea, na utajua la kufanya ukisoma chini.

Sasa anwani. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kampasi Minneapolis na nyingine upande wa Saint Paul. Ile inayoitwa kampasi ya Saint Paul ipo hasa katika mji mdogo wa Falcon Heights, na watoto wa Falcon Heights wanahudumiwa na wilaya ya shule ya Roseville. Ukivuka mpaka kidogo tu upo Saint Paul penyewe, na wilaya ni nyingine kabisa. Kwa hiyo mumeo akipata nyumba tatu zinazofaa, kabla ya kusaini chochote aingize anwani ya kila moja kwenye ukurasa wa wilaya husika unaoonyesha shule kwa anwani, ajue inaangukia wapi. Kisha aandikie ofisi ya elimu maalumu ya watoto wadogo katika kila wilaya na kuuliza mambo manne tu: madarasa ya watoto wa miaka 3 hadi 5 wenye usonji yapo majengo gani, darasa moja lina watoto wangapi na watu wazima wangapi, mtoto anahudhuria siku ngapi na saa ngapi kwa wiki, na kama wana mkalimani wa Kiswahili. Hakuna wilaya itakayomfanyia mtoto tathmini akiwa bado Mombasa, lakini kuhusu haya ofisi nyingi zinajibu, na namna wanavyojibu inakuonyesha mengi.

Jibu la saa ngapi kwa wiki lisikuvunje moyo. Kwa umri wa miaka 4, huduma mara nyingi ni nusu siku, siku chache kwa wiki. Muda unaobaki ni wenu. Hapo ndipo suala la wewe kutofanya kazi linakuwa na upande wake mzuri, ingawa najua si uamuzi mwepesi.

Miezi iliyobaki itumie kuandaa faili. Anza na kipimo cha masikio na cha macho, kwa sababu timu yoyote ya tathmini itataka kujua kwanza kwamba mtoto anasikia na anaona. Ukifika na ripoti ya mtaalamu wa usikivu iliyo na tarehe ya karibuni, unaokoa wiki kadhaa. Omba ripoti kamili kwa daktari aliyetambua usonji. Barua ya mistari mitatu inayosema "ana usonji" haisaidii sana. Ripoti nzuri inaeleza vipimo vilivyotumika, alama zake, na yale mtoto aliyoonekana akiyafanya. Kama alipitia kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, EARC, chukua nakala ya fomu zao. Mwalimu wake wa nasari aandike ukurasa mmoja: anakaa kitini dakika ngapi, anacheza na nani, nini kinamkasirisha, nini kinamtuliza. Kadi ya ulemavu ya hapa Kenya haina kazi kule, lakini ripoti zilizotumika kuipata zina kazi.

Ripoti hizi zote zitapokelewa kama taarifa za kuzingatiwa, hazitakuwa hukumu. Wilaya ya Minnesota hailazimiki kukubali utambuzi wa daktari wa Mombasa, wala wa Minneapolis. Swali lao ni la kielimu: ulemavu huu unaathirije kujifunza kwake, na anahitaji mafundisho maalumu au hapana? Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na cheti cha hospitali akafanyiwa tathmini upya, na mwingine asiye na cheti chochote akapata huduma.

Halafu piga video. Hakuna kitu mzazi anachoweza kubeba chenye thamani zaidi ya hiki. Vipande vitano au sita vya dakika mbili mbili: akila, akicheza peke yake, akicheza na mtoto mwingine, akitaka kitu ambacho hakifikii, akikasirishwa, akisikiliza hadithi au wimbo. Ongea naye Kiswahili kama kawaida, usimwigizishe. Kwenye karatasi orodhesha maneno yake yote jinsi anavyoyatamka, na maana yake. Kama "ma" ni maji na "mma" ni mama, andika. Mtaalamu wa usemi asiyejua Kiswahili atahesabu sauti hizo kuwa kelele, na mtoto wa maneno tisa ataandikwa kuwa hana hata neno moja.

Chanjo zinakwamisha familia nyingi kutoka kwetu, na sababu ni ndogo. Katika ratiba ya Kenya mtoto anachanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Marekani dozi ya surua iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, kwa hiyo kwa macho yao mtoto wako ana dozi moja tu. Chanjo ya matumbwitumbwi na ya tetekuwanga hazimo katika ratiba yetu ya kawaida ya umma, na huko zinadaiwa. Muulize daktari wa watoto kama anaweza kupata hizo katika hospitali ya binafsi kabla ya safari, ukizingatia kwamba chanjo mbili za virusi hai hutolewa siku moja au kwa kupishana wiki 4. Kitabu cha kliniki ukipige picha kurasa zote, na asili yake usafiri nayo mkononi. Tarehe ziwe zimeandikwa siku, mwezi kwa jina, na mwaka: wao huanza na mwezi, na 05/07 inaweza kusomwa Mei 7 ilhali kwetu ni Julai 5.

Mkifika, msingoje samani zikae sawa. Mkataba wa pango ukishasainiwa, mumeo au wewe peleka ombi la tathmini kwa maandishi. Minnesota ina mfumo wa kuwaelekeza watoto wadogo uitwao Help Me Grow, ambao unapeleka taarifa zako kwa wilaya yako. Utumie, lakini peleka pia barua pepe moja kwa moja kwa ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ili uwe na tarehe mkononi. Barua fupi inatosha, kwa Kiingereza chepesi, ikisema hivi:

"Sisi ni wazazi wa (jina), aliyezaliwa (tarehe). Tumehamia (anwani) tarehe (fulani). Tunaomba mtoto wetu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu katika maeneo yote tunayoyashuku: usonji, lugha na usemi, mwendo wa mikono, tabia, na stadi za kujihudumia. Lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Tunaomba tathmini ifanyike kwa Kiswahili na tupatiwe mkalimani katika vikao vyote. Tunaambatanisha ripoti za awali. Tafadhali tutumieni fomu ya idhini, au mtueleze kwa maandishi sababu za kukataa."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Wilaya haiwezi kukaa kimya: ama ipendekeze tathmini na kuomba idhini yenu, ama itoe notisi ya maandishi inayoeleza kwa nini inakataa, na notisi hiyo mnaweza kuipinga. Ombi la mdomo kwa karani wa mapokezi halina tarehe. Mara nyingine mtaambiwa mpelekeni kwanza kwenye uchunguzi wa watoto wadogo, ule ambao Minnesota inawataka watoto wote wafanyiwe kabla ya kuanza shule. Mpelekeni kama mnapenda, ni wa bure, lakini ni wa saa moja au mbili hivi na hauchukui nafasi ya tathmini. Ombi lenu libaki palepale.

Saa haianzi kugonga siku ya barua, inaanza wilaya inapopokea idhini iliyosainiwa. Sheria ya taifa inatoa siku 60, ila majimbo yanaruhusiwa kujiwekea muda wao, na Minnesota inatoa siku 30 za shule. Siku za shule hazihesabu Jumamosi, Jumapili, sikukuu wala likizo ya kiangazi. Shule nyingi za huko zinaanza mapema Septemba, kwa hiyo idhini iliyosainiwa Septemba inaleta majibu mwishoni mwa Oktoba. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango kifanyike ndani ya siku 30 za kawaida. Kwa hesabu hiyo kijana wenu atakuwa darasani karibu Novemba. Ukichelewesha barua mpaka Aprili au Mei, unaweza kukuta siku zinakatika katikati kwa likizo na mtoto akapoteza mwaka mzima.

Wakati wa kuandikisha mtaulizwa lugha inayozungumzwa nyumbani. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakihofia mtoto atatengwa. Andikeni Kiswahili. Jibu hilo ndilo linalowapa mkalimani, na ndilo linalomlinda mtoto na makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kumpima kwa maswali ya Kiingereza kisha kusema uelewa wake uko chini kuliko ulivyo. Vipimo vingi vilisanifiwa kwa watoto wanaoongea Kiingereza, na alama zake kwa mtoto wa Mombasa si za kutegemewa. Hapo video zako, mahojiano na ninyi, na kumtazama akicheza vinapaswa kubeba uzito mkubwa zaidi. La pili ni kuambiwa, "Tungoje mwaka mmoja azoee Kiingereza ndipo tujue." IDEA inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, lakini haitoi ruhusa ya kumchelewesha mwenye dalili za wazi katika lugha yake mwenyewe. Mtu akikushauri muache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, usimfuate. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba zinawarudisha nyuma, na mtoto anahitaji lugha ambayo mama yake anaweza kumbembeleza nayo.

Mkalimani aombwe mapema na kwa maandishi. Minnesota ina Wakenya wengi, na katika miji mingi ya Marekani wakalimani wa Kiswahili wametoka Kongo, ambako Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa. Mkiona hamwelewani, semeni tangu kikao cha kwanza na muombe mwingine. Hakuna dharau ndani yake. Mumeo asigeuzwe mkalimani hata kama Kiingereza chake ni cha daktari wa falsafa. Yeye ni mzazi, na anayetafsiri hana nafasi ya kubishana.

Mpango utakaoandikwa unaitwa IEP, na ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote, kwa sababu kilichoandikwa humo wilaya inalazimika kukitoa na kisichoandikwa ni hisani. Watakaokaa mezani ni ninyi wazazi, mwalimu wa elimu maalumu, mwalimu wa kawaida kama mtoto yumo au huenda akawa katika darasa la kawaida, mwakilishi wa wilaya mwenye mamlaka ya kukubali gharama, na mtu anayeweza kueleza majibu ya tathmini. Ombeni ripoti ya tathmini kabla ya siku ya kikao ili muisome nyumbani. Kuisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu sita, kupitia mkalimani, hakumpi mzazi nafasi ya kufikiri.

Someni malengo kwa jicho kali. Lengo kama "ataboresha mawasiliano" halipimiki, na mwisho wa mwaka mtaambiwa limefikiwa. Lengo la kazi linasomeka hivi: "Wakati wa kula, akitaka chakula au kinywaji, ataomba kwa kutoa picha, kuonyesha kwa kidole au kusema neno, bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5, kwa wiki 3 mfululizo. Sasa hivi anaomba hivyo mara 1 kati ya 5. Nyingine anavuta mkono wa mtu mzima au analia." Hapo mnajua alipo, anapokwenda, na mtu yeyote akiingia darasani anaweza kuhesabu. Kwa mtoto wa miaka 4 mwenye maneno machache, ningesisitiza malengo ya kuomba, kukataa bila kupiga, kungoja zamu na kwenda chooni kabla ya rangi na herufi. Herufi zitamngoja. Njia ya kusema "sitaki" ikikosekana, inageuka kuwa kung'ata.

Kisha angalieni ukurasa wa huduma. Kila huduma iwe na dakika, mara ngapi, mahali, na kama ni peke yake au kikundi: "tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki, ndani ya darasa, kikundi cha watoto 3". Tofauti ya "dakika 60 kwa wiki" na "dakika 60 kwa mwezi" ni herufi chache, lakini kwa mtoto ni robo ya tiba. Maneno "kadiri itakavyohitajika" yaondolewe, maana anayeamua uhitaji ni yule mwenye ratiba iliyojaa. Kama mtoto hawezi kusema, ulizeni kwa jina vifaa vya mawasiliano: kitabu cha picha au kishikwambi chenye sauti. Timu inalazimika kulifikiria suala hilo kwa kila mtoto, na kifaa kikionekana ni cha lazima kwa elimu yake, wilaya ndiyo inayokigharimia. Nepi, jinsi ya kubadilishwa na nani atafanya hivyo, viandikwe. Basi nalo, pamoja na kiti chenye mikanda na mtu wa kumsimamia kama ana tabia ya kufungua mikanda.

Kuhusu darasa, sheria inataka mtoto awe na wenzake wasio na ulemavu kwa kiasi kinachomfaa. Hilo si amri ya kumtumbukiza katika kundi la watoto ishirini. Anaweza kuanza darasa dogo na kwenda kwa wenzake wakati wa muziki au uwanjani. Ombeni kulitembelea darasa linalopendekezwa, na mkiwa humo tazameni jambo moja: mtoto anayelia anafanyiwa nini katika dakika mbili za kwanza.

Sahihi yenu ina sheria yake Minnesota. Mpango wa kwanza kabisa hauwezi kuanza bila idhini yenu ya maandishi. Lakini mabadiliko ya baadaye yanaletwa kwa notisi, na msipopinga kwa maandishi ndani ya siku 14 za kalenda, wilaya inaweza kuendelea nayo. Ukimya ni kukubali. Bahasha yoyote kutoka wilayani ifunguliwe siku ileile na tarehe iandikwe juu yake. Mkipinga, mna haki ya kikao cha suluhu, na wilaya inatakiwa kukiitisha ndani ya siku 10. Kama mnadhani tathmini yao imekosea, mnaweza kudai tathmini huru ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya. Nayo ama ilipe au ipeleke suala mbele ya afisa wa kisheria anayesikiliza mashauri kutetea ya kwake. Ukiukaji wa wazi, kama ule wa kumkatalia mtoto kwa ajili ya nepi, unaweza kupelekwa kama malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo ndani ya mwaka mmoja, nayo ina siku 60 za kutoa uamuzi. Kabla ya kufika huko, wapigieni PACER, kituo cha wazazi cha Minneapolis kilichoanzishwa 1977. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha aina hiyo kinachogharimiwa na serikali kuu. Wanasoma IEP pamoja na mzazi na hawalipishi.

Tiba za nje ya shule ni hesabu nyingine. Ile ya tabia inayojulikana kama ABA hulipiwa na bima, na bima ya wanafunzi inaweza kuwa ghali kwa wategemezi. Kabla ya kumwandikisha mtoto ulizeni kwa maandishi kama inalipia tiba ya usonji, kwa saa ngapi, na mtachangia kiasi gani. Mkikosa, mtoto hapotezi chochote cha shuleni; huduma za IEP hazitegemei bima.

Kwa wasomaji wanaoelekea kwingine, taratibu si hizi. Uingereza ina mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu uitwao EHC ambao halmashauri inatakiwa kuukamilisha ndani ya wiki 20, na tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi za kufundishwa kwa kawaida hawaruhusiwi kuja na familia, wa uzamivu wanaruhusiwa. Kanada iliacha mwaka 2018 kuihesabu elimu maalumu kuwa mzigo wa gharama inapopima afya ya anayehamia. Australia bado inapima gharama za matibabu na huduma, na hali ya mtoto mmoja inaweza kukwamisha viza ya familia nzima. Huko muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipia ombi.

Jambo la mwisho ni kuhama. Wanafunzi huhama nyumba mara kwa mara wakifuata kodi nafuu, na mkivuka mpaka wa wilaya IEP haifi. Wilaya mpya inalazimika kutoa huduma zinazolingana mara moja, mpaka iupokee mpango uleule au iandike wake. Ndani ya Minnesota ni rahisi. Mkihamia jimbo jingine, wilaya mpya inaweza kumfanyia tathmini upya, lakini huduma haziruhusiwi kusimama wakati ikifanya hivyo. Bebeni nakala ya IEP, ripoti ya tathmini na taarifa za maendeleo, muziwasilishe siku ya kuandikisha, kwa sababu faili rasmi likitumwa ofisi kwa ofisi linaweza kuchukua wiki kadhaa, na mwalimu mpya hawezi kutoa huduma ambayo hajaisoma.